Eda ya Wasichana Kumi na Watatu

Mwalimu Gershom Nzai alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na kasoro moja: akishinda mjadala hajui kunyamaza. Lau angenyamaza siku ile ya mkutano, mimi leo ningekuwa nasimulia mambo mengine, na sikio lake lingekuwa salama.

Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya udongo upande wa Likoni, mwaka wa arubaini na nne, vita vya Wazungu vikiwa vimefika Bama, nchi ya mbali ng'ambo ya bahari. Nasema mwalimu mkuu, lakini msiulize mwalimu mdogo ni nani. Kengele akigonga yeye, hesabu akifundisha yeye, na paa likivuja yeye ndiye aliyepanda juu na makuti yake. Kwao ni Rabai, Mkristo mwana wa Mkristo, na alivuka feri akaja kuishi na Waislamu wa Likoni kwa sababu ya jambo moja tu. Alitaka wasichana wasome.

Mwaka mzima alipita nyumba kwa nyumba. Wavulana walikuja wenyewe, wengine hata hawakutakikana. Wasichana ilibidi aende akawaombe mmojammoja kama mtu aliyekuja kuposa: hodi, hodi, akae jamvini, anywe kahawa, ausifu muhogo wa wenyewe, ndipo atoe neno lake. Na neno lake lilikuwa lilelile kila nyumba: "Mwenye kusoma hadanganywi." Hakulisema kwa mdomo mtupu. Mamake mzazi aliwahi kutia kidole gumba kwenye karatasi, akiambiwa ni kibali cha minazi yake kugemwa tembo, kumbe ameiuza yote. Mama akafa akiitazama minazi ile ng'ambo ya ua, inaangusha nazi za watu wengine.

Akapata wasichana kumi na watatu. Wa kwanza kutolewa alikuwa Mwanasaumu, mtoto wa miaka tisa, mjukuu wa Bi Mwanarehema.

Na Bi Mwanarehema si mtu wa kutajwa kwa haraka. Huyu ndiye aliyekuwa mtoga masikio. Hapakuwa na sikio la mwanamke kutoka kivukoni mpaka Mtongwe ambalo halikupita kwenye mwiba wake wa mndimu. Masikio yake mwenyewe yalitogwa pindoni toka juu hadi chini, kila tundu na kipuli chake, na kwenye ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, karatasi nyekundu iliyoviringwa ikakaza. Alipogeuza kichwa, watu walinyamaza kwanza waone kama amekubali ama amekataa.

Mwanawe wa pekee, Mwidani, babake Mwanasaumu, alikuwa askari huko Bama. Mamake mtoto aliachika akaolewa Msambweni. Kwa hivyo nyumbani walibaki bibi na mjukuu, wakingoja barua. Na barua zenyewe, balaa! Zilikuja kwa herufi za Kizungu, kwa kuwa barua ya askari lazima mkubwa wake aisome kwanza, na mkubwa hajui alifu wala be za Kiarabu. Bi Mwanarehema alihitimu Kuruani mara tatu, lakini barua ya mwanawe aliishika kama aliyeshikishwa jiwe. Hiyo ndiyo sababu alimtoa mjukuu kwenda shule. Alitaka kumsikia mwanawe.

Basi mwezi wa Februari ukaja waraka kutoka ofisi ya elimu ng'ambo ya feri. Mistari miwili: tangu leo, mtoto yeyote asiingie darasani na vipuli, hereni wala kipini. Sababu haikuandikwa, ila Mwalimu Gershom aliijua, alinong'onezwa na mwenzake. Katika shule moja, wapi sisemi, mwalimu alimvuta msichana sikio kwa kukosa hesabu, kipuli kikachana ndewe, baba akaenda kushtaki. Wakubwa wakakaa, wakafikiri, wakasugua vipara. Kati ya vidole vya mwalimu na vipuli vya mtoto, kimoja lazima kipigwe marufuku. Wakapiga marufuku vipuli.

Mwalimu Gershom hakuona kombo katika hukumu ile. Yeye mwenyewe alikuwa mvuta masikio hodari.

Akawaita wazazi Ijumaa, baada ya sala, akawasomea waraka. Watu wakatazamana. Mzee Mwinyihaji, kaka yake Bi Mwanarehema, ambaye kazi yake mikutanoni ilikuwa kukubaliana na aliyesema mwisho, akasema, "Kweli kabisa, Mwalimu."

Bi Mwanarehema akageuza kichwa. Kila mtu kimya.

"Mwalimu, mwanangu, hebu nifahamishe," akasema. "Mwanamke wa kwetu havui pambo la sikio ila siku moja. Afiwapo na mumewe. Hapo huvua vyote, akakaa eda. Sasa hawa watoto wa miaka tisa, wamefiwa na nani?"

"Kweli kabisa, dada," akasema Mzee Mwinyihaji.

"Na mwanangu yuko vitani. Nimvue mtoto wake masikio, mwana yu hai? Si namwita Mauti kwa mkono wangu, namwambia karibu, huku tayari tumekaa tanga?"

Mwalimu Gershom akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyesoma. "Bi, huo ni ushirikina. Risasi haiulizi habari za masikio ya Likoni."

Wanaume wakacheka. Kicheko kikamnogea Mwalimu. Hapo ndipo angekunja waraka wake akaenda zake kwa mkewe Margret, akala wali wake. Hakwenda.

"Lakini kama ni lazima iwe hivyo," akaongeza, "basi Bi, hesabuni wako eda! Wote kumi na watatu! Neno limekwisha."

Loo, walicheka! Mzee Mwinyihaji alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Bi Mwanarehema hakucheka.

"Mwalimu asema mtoto akivuliwa vipuli yuko eda," akasema. "Mumemsikia?"

"Tumemsikia."

"Rudia, Mwalimu."

"Yuko eda, Bi," akasema Mwalimu, bado anacheka.

"Haya. Ahsante."

Jumatatu Mwalimu Gershom akagonga kengele. Wavulana wakaingia. Upande wa wasichana, viti vitupu. Akangoja, akagonga tena, kengele ikamchoka. Jua lilipopanda akaenda mwenyewe kwa Bi Mwanarehema.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mwanasaumu mbona hakuja?"

Bi Mwanarehema alikuwa akimenya muhogo, na hakuacha kumenya. "Nimtoe vipi? Akiwa na vipuli, waraka wako wamkataza kuingia. Akiwa hana vipuli, yuko eda, wewe mwenyewe umesema mbele ya watu. Na mtu wa eda hatoki nje miezi minne na siku kumi. Sasa wewe uliyesoma nionyeshe mlango."

"Bi, ule ulikuwa mzaha!"

"Mzaha wa eda?" Kisu kikasimama. "Kwenu Rabai mwafanya mzaha na msiba?"

Mwanasaumu alikuwa ameketi ndani, mlango wazi, vipuli vyake vyote masikioni, kitabu cha kusomea magotini, anakitazama kama mtoto mwenye njaa atazamavyo chungu cha jirani. Macho yao yakakutana. Mwalimu akaaga. Nyumba ya pili alijibiwa maneno yaleyale, na ya tatu, mpaka ya kumi na tatu. Akamwendea Mzee Mwinyihaji amsaidie, mzee akamwambia, "Kweli kabisa, Mwalimu, una haki. Na dada yangu naye ana haki."

Yakawa ni hayo kwa wiki nne. Kisha ikaja habari ya kumwisha nguvu: Jumatatu ya mwisho wa mwezi mkaguzi atavuka kuja kuliona darasa la wasichana. Wakiwa chini ya kumi, darasa lifungwe. Na darasa likifungwa halifunguliwi tena, hilo kila mwalimu wa pwani alilijua. Mwalimu Gershom alikaa kwenye viti vile vitupu akajiona mpumbavu. Mwaka mzima wa kahawa na muhogo aliupoteza kwa mzaha mmoja.

Ijumaa ya kabla ya Jumatatu hiyo alivuka kwenda posta kuchukua mfuko wa barua za watu wa huku, kama kawaida yake, na ndani yake mlikuwa na barua ya Mwidani. Akampelekea Bi Mwanarehema ikiwa imefungwa vilevile, akarudi shuleni.

Jumamosi asubuhi akamwona Bi Mwanarehema anakuja, barua mkononi, Mwanasaumu nyuma yake.

"Mwalimu, Mwanasaumu kanisomea barua hini," akasema Bi hata bila salamu. "Asema babake kasema hivi: mtoto avuliwe vipuli aende shule, nisiogope. Nami nimeshangaa. Mwidani namjua, nimemzaa. Hakuwa mtu wa kusema neno kama hilo. Nikafikiri, nimpe nani anisomee tena? Karani wa feri ulimfundisha wewe, atasema utakalo. Basi nimekuja kwako mwenyewe. Wewe ni mtu wa Injili, hunidanganyi. Soma."

Mwalimu akaichukua. Mwandiko ulikuwa mbaya lakini wasomeka. Salamu, salamu, mvua haikatiki, chakula ni cha makopo. Kisha hili: *Mama, nimesikia kwa mwenzangu wa Tiwi kwamba shule sasa zakataza vipuli. Nakuomba kwa jina la Mungu, mwanangu asivuliwe vipuli hata siku moja mpaka nirudi. Nimemwota masikio matupu, nikaamka nalia mbele ya askari wenzangu. Shule ipo, itangoja.*

Akasoma mara ya pili. Akainua macho, akamtazama Mwanasaumu.

Mtoto hakuangalia chini. Alisimama nyuma ya bibi yake, amekaza midomo, anamtazama mwalimu wake moja kwa moja, na macho yake yalimwomba waziwazi. Ndugu zangu, huyu alisoma kila neno. Hakukwama popote. Alipofika pale pa kugeuza akapageuza, palepale tu, kisha akaendelea na salamu za mwisho kwa sauti ileile. Hakuwahi kuwa na mwanafunzi aliyesoma vizuri namna hiyo.

Mwalimu Gershom akaona kidole gumba cha mamake kimejaa wino. Akaona na viti kumi na vitatu. Jumatatu ni keshokutwa.

"Yasemaje?" akauliza Bi Mwanarehema.

"Ndivyo, Bi," akasema Mwalimu. "Ni kama alivyokusomea."

Bi Mwanarehema akashusha pumzi. "Haya. Mwana kasema." Akaketi hapohapo kwenye kizingiti cha shule, akamvuta mtoto katikati ya magoti yake, akaanza kumvua vipuli kimoja kimoja. Kila kipuli alikifunga penye pembe ya leso yake. Na alilia, bila sauti, bila kujifuta, mpaka akamaliza.

Mwalimu alisimama kando yake, kisha akamrudishia barua, naye akaifunga pamoja na vipuli.

Jumatatu wakaja wote kumi na watatu, masikio matupu. Kama Bi Mwanarehema amemvua wake, tena babake yuko Bama, nani mwingine angekuwa na ulimi wa kukataa? Mkaguzi akawahesabu, akafurahi. Akamsimamisha Mwanasaumu asome, akasoma kama maji. "Mtoto huyu," mkaguzi akasema, "anasoma kilichoandikwa, haongezi wala hapunguzi." Akaahidi mabati ya paa. Mwalimu Gershom akacheka kicheko cha mtu anayeumwa na jino.

Tangu siku hiyo Mwalimu hakuwa na raha. Yeye aliyesema risasi haiulizi habari za masikio, sasa kila alipovuka kwenda posta moyo ulimdunda kabla ya mfuko kufunguliwa. Akiona bahasha ya serikali, ile iletayo habari za kifo, jina huliangalia kwanza. Kila alfajiri alipiga magoti kumwombea Mwidani, jina lake kamili, mpaka Margret akamwuliza, "Huyu Mwidani ni nduguyo?"

"Ni mzazi wa mwanafunzi."

"Na wale wazazi wengine, mbona wao wawaacha wafe tu?"

Akaenda kugonga kengele.

Haikupita miezi miwili, siku moja watoto wameshatawanyika, Bi Mwanarehema akaingia darasani. Vipuli vyake vyote masikioni, karatasi nyekundu mpya. Akaketi kiti cha nyuma.

"Mwalimu, hizi herufi zenu ni ngapi?"

"Ishirini na nne, Bi."

"Zetu ni ishirini na nane, na nilizimaliza nikiwa na miaka saba. Anza."

"Bi, kwani wataka nini na..."

"Nataka barua za mwanangu nizisome kwa mdomo wangu mwenyewe. Mjukuu wangu nikimwuliza herufi kichwa chamwuma. Sijui ni maradhi gani." Kisha akaongeza, "Na usinitazame masikio. Waraka wenu wasema mtoto. Mimi si mtoto."

Afanyeje? Mwalimu aliyeomba mwaka mzima watu waje kusoma, atamfukuza aliyekuja mwenyewe? Akaanza. Nisiwafiche: alijaribu kumchelewesha. Herufi *a* akaifundisha wiki nzima. Wiki ya pili Bi akamwambia, "Mwanangu, wanipotezea wakati. Hii *a* tumeshaizika." Basi akafundisha sawasawa, kwa kuwa mwalimu ni mwalimu tu, na mwanafunzi hodari humshinda hila. Kila jioni Bi akiondoka, Mwalimu aliitazama ile pembe ya leso yake. Barua ilikuwa humo, imekunjwa, pamoja na vipuli vya mtoto. Alijua anafundisha nini. Ni kama mtu anayemnolea jirani kisu akijua ni cha kumchinjia kuku wake.

Mwaka ukageuka. Vita vikaisha, watu wakapiga ngoma kivukoni. Kisha ikaja barua nyingine ya Bama, bahasha ya kawaida, na Mwalimu akaipeleka mbio, jasho linamtiririka. Safari hii Bi Mwanarehema aliifungua mwenyewe, akaisoma mwenyewe, polepole, kidole juu ya mstari. Mwidani yu hai, mzima, miguu miwili na mikono miwili. Yuaja na meli ya mwezi ujao.

Mwalimu Gershom alilia palepale barazani, mtu mzima, hadi Mzee Mwinyihaji akalia naye bila kujua sababu. Alilala usingizi mnono siku tatu. Ya nne akakumbuka kwamba Mwidani akija ataona masikio ya mwanawe, na atauliza.

Hakungoja sana. Ijumaa ile Bi Mwanarehema alikuja shuleni wasichana wakiwa bado uani wanaruka kamba, akafungua pembe ya leso yake, akatoa ile barua ya kwanza. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo.

"Leo nataka nikusomee wewe," akasema. "Ukiona nimekosea, nirekebishe."

Akasoma. Salamu, mvua, makopo. Sauti yake ilikuwa imara, ila polepole, kila silabi ikikanyaga yake. "Na-ku-o-mba kwa ji-na la Mu-ngu, mwa-na-ngu a-si-vu-li-we vi-pu-li..." Akasoma mpaka mwisho, mpaka ile ndoto, mpaka "itangoja". Akakunja barua.

"Nimekosea mahali?"

"Hapana, Bi."

"Wewe ulipokuja barazani kwangu kumwomba mtoto, uliniambia neno gani?"

"Nilisema mwenye kusoma hadanganywi."

"Ulisema kweli, mwanangu. Kwa hilo nakushukuru." "Mwaka na zaidi nimemvua mtoto kwa neno lako. Kila adhana nikasema leo ndiyo siku wataniletea habari ya Mwidani. Wajua ni adhana ngapi hizo?"

"Nisamehe, Bi." Sauti ilimtoka kidogo sana. "Na mimi nilikuwa nazihesabu."

"Najua. Nilikuona ulivyokuwa ukikimbia na barua." Akakohoa. "Mwanasaumu nimeshamfinya sikio leo asubuhi. Sasa leta lako."

Kule uani kamba ilikuwa imesimama. Wasichana kumi na watatu walisongamana dirishani, Mwanasaumu mbele, sikio lake moja bado jekundu.

Mwalimu Gershom Nzai, mwalimu mkuu, mtu wa miaka arubaini, akavua kofia, akainama. Bi Mwanarehema akaishika ndewe yake kwa vidole viwili, akaivuta barabara.

"Na Jumatatu," akasema bila kuiachia, "watoto hawa waja na vipuli vyao. Huo waraka ulete hapa. Sasa naweza kuusoma, nione wasema nini juu ya vidole vya walimu."

"Naam, Bi," akasema Mwalimu, kichwa upande.